Hapa Hapajapitwa

Yule mzee anayelala barazani kwenye mashine ya kusaga, watu humwita Afande tu. Vita vya mabomu ya kutegwa ardhini vilimrudisha na miguu yote miwili, ila hakanyagi majani. Hata haja ikimbana hufuata kijia kilichokwisha kupitwa, na akiongozana na mtu huweka kiatu pale pale mwenzake alipoondoa chake, vidole vimebana mshono wa suruali. Ukimwita huitika, "Naam," macho yasitoke ardhini.

Siku ya matembezi ya kuwachangia askari wastaafu wasio na makazi, kutoka Handeni kwenda Korogwe, wakamtanguliza na bango. Bibi Hafsa muuza uji, asiyempisha njia hata fahali, alifuata nyuma akimchunga, maana barabara nyembamba na malori hayana adabu. Kweli, konani likatokea lori la mkonge, linayumba, honi haikatiki. Watu wakarukia majanini. Afande akabaki ukingoni mwa lami, kiatu kinaning'inia hewani.

"Shuka, Afande, paredi imekwisha," kijana mmoja akatania kutoka majanini.

"Hapa hapajapitwa."

Bibi Hafsa akarudi barabarani, akamshika mkono, akatangulia kushuka. "Kanyaga ninapokanyaga, baba."

Akakanyaga. Lori likapita, upepo wake ukaondoka na bango. Bibi Hafsa akataka kusogea mbele. Majani yale aliyachungia mbuzi tangu mtoto. Sasa akayatazama, asijue mguu wa pili auweke wapi.