Siku ya Pili ya Mfungo

Ting'.

Kifuniko cha sufuria. Gizani. Jikoni kwangu.

Ilikuwa saa moja jioni, umeme umekatika. Ndani tulikuwa watatu tu: mimi, mama mkwe, na binti yangu wa miaka minne niliyemwacha amelala.

Mimi sikuwa nimegusa sufuria.

Bado.

Nikiri tu: nilikuwa nanyata kwenda huko huko, kijiko mkononi.

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Binti yangu tulimwita Kasuku, maana alikuwa anaongea mpaka usingizini. Miezi saba kabla ya jioni ile nilimfungia chumbani niende kununua sabuni, dakika tano tu. Njiani nikakutana na shoga yangu, umbea ukanoga.

Narudi, jiko la jirani limeshika moto, moshi umejaa korido nzima. Majirani walivunja mlango wangu wakamtoa mzima, hana hata mchubuko.

Ila hakusema neno tena.

"Sauti anayo," daktari alituambia. "Msimlazimishe. Mpeni muda."

Muda! Mimi nilitaka kufanya kitu. Kila nikiushika ufunguo wa chumba kile, dhamiri inanisuta.

Ndipo mama mkwe, mwenyekiti wa akina mama wa maombi, mwanamke anayeogopwa hata na mchungaji, akatamka:

"Mke wa mwanangu, tunafunga kwa ajili ya huyu mtoto siku tatu. Maji tu. Nguvu unazo?"

"Ninazo, mama."

Sikuwa nazo.

Siku ya kwanza, kazini, nilifua mashuka ya hoteli nzima nikiimba mapambio. Jioni yake, kwenye darasa la watu wazima ninakosoma, mwalimu akaniomba mfano wa kitenzi.

Nikajibu, "Wali."

Haya, turudi jikoni, siku ya pili. Nikawasha tochi ya simu.

Mama mkwe alikuwa amechuchumaa sakafuni, sufuria mapajani, mashavu yamejaa.

Tukatazamana.

"Naonja chumvi," akasema.

"Gizani, mama?"

"Chumvi haihitaji taa." Akameza. Macho yake yakashuka mkononi mwangu. "Na hicho kijiko unakipeleka wapi? Matembezini?"

Nikakaa chini, nikacheka mpaka mbavu zikauma, halafu sijui ilikuwaje, nikajikuta nalia.

"Mama, mimi siwezi. Nilimwacha mwanangu kwenye moshi, na hata njaa ya siku tatu kwa ajili yake imenishinda."

Nikasubiri mahubiri. Badala yake akanisogezea sufuria.

"Miaka thelathini nawafungisha wenzangu," akasema polepole. "Na kila mfungo, siku ya pili, nakula. Kila mfungo, mwanangu. Leo tu ndiyo nimeshikwa."

Nilimtazama kama namwona kwa mara ya kwanza.

"Mwanao haponywi na tumbo langu wala lako," akasema. "Piga magoti."

Tukapiga magoti, wali mdomoni. Huyu mama akishika maombi watu huwa wanasinzia. Siku hiyo alisema hivi tu:

"Baba, tumeshindwa. Hatuna cha kukuonyesha. Mshike mtoto wewe. Na sisi utushike."

Miezi saba yote nilikuwa namwendea Mungu kama mtu anayeomba kazi, nimejipanga, nimebeba vyeti. Jioni ile nilienda mikono mitupu, na ndiyo mara ya kwanza nilihisi nimepokelewa.

Ndugu yangu unayesoma, ukingoja uwe imara kwanza ndipo umwombe, utangoja sana. Nenda hivyo hivyo ulivyo.

Amina yenyewe hatukuifikia.

Mlangoni palikuwa na mtu. Kasuku, peku, shuka mabegani, macho kwenye sufuria. Humo nilikuwa nimemwekea chakula chake cha jioni. Yeye hakuwa kwenye mfungo.

Akamnyooshea bibi yake kidole.

"Bibi, hicho chakula ni changu."