Tulikwenda Makumbusho ya Uhispania kwa Ruhusa ya Mume Wangu, Leo Anataka Niombe Msamaha Kanisani

Habari zenu. Admin, tafadhali usiweke jina langu wala la kanisa letu, maana sisi watu wa huku tunajuana sana.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na mbili, Mkongo wa Kivu ya Kusini. Naishi Buffalo huku Amerika, mtaa wa West Side, na mume wangu na watoto wetu watatu. Yeye yuko kiwandani Tonawanda, mimi nahudumia wagonjwa wazee majumbani mwao: nawaogesha, nawalisha, nawageuza kitandani. Kifungua mimba wetu nitamwita Neema, ana miaka kumi na minane. Mtoto huyu anachora tangu tukiwa kambini Burundi. Alikuwa anachora kwa makaa kwenye ukuta wa udongo, namchapa, kesho yake anachora tena.

Huku shuleni mwalimu wake alimwonyesha vitabu vya wachoraji wakubwa wa Uhispania wa nyakati zetu hizi, akamwambia kule kila mmoja ana makumbusho yake. Basi hatukupumua tena. Nikamwahidi kwamba akimaliza sekondari vizuri nitampeleka. Baba yake alikuwepo mezani, anakula fufu, akasema, "Bon, muende tu. Mutoto amesoma muzuri." Mwaka huu akamaliza. Baba yake mwenyewe alitupeleka uwanja wa ndege, akabeba mabegi, akatushika mikono na kutuombea mbele ya watu.

Sitawadanganya, mimi nilikwenda kwa ajili ya mtoto tu. Nilidhani nitaona nyuso zilizopinda na macho mawili upande mmoja. Lakini pale Barcelona, makumbusho ya kwanza, kulikuwa na picha kubwa sana ambayo mchoraji aliichora akiwa bado kijana mdogo. Mwanamke mgonjwa yuko kitandani, daktari amemshika mkono anahesabu mapigo, na upande wa pili mtawa amebeba mtoto, anamnyooshea mgonjwa kikombe. Jamani, mkono wa yule mgonjwa! Mkono wa namna ile nimeushika mimi mara ngapi? Nilikaa kwenye benchi nikalia. Miaka yote niliyokaa Amerika sikujua kwamba kazi yangu inaweza kuwekwa ukutani, watu wakatoka mbali kuja kuitazama. Neema alikaa karibu yangu.

Siku iliyofuata tulipanda treni hadi Figueres, mji wa yule mchoraji mwingine mwenye masharubu yaliyochongoka kwenda juu. Makumbusho yake yana mayai makubwa juu ya paa. Uani kuna gari jeusi la zamani, na juu ya gari sanamu ya mwanamke mnene, uchi. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Neema akanipiga picha nimesimama chini yake, akaiweka kwenye status.

Hatujafika hata nusu ya njia ya kurudi, simu ikalia. Ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, mchungaji wa tawi la kanisa letu huko Louisville. "Mama Neema, munafanya nini na mwanamuke uchi? Mutoto wa kanisa munamuonyesha vitu gani?"

Nilimjibu kwa heshima. "Shemeji, hii ni makumbusho, watu wote wanakuja na watoto wao. Hata hiyo sanamu wanaiita Malkia Esta."

Hapo ndipo niliharibu kabisa. "Unaingiza na Biblia ndani!" Akakata simu.

Nilijua mume wangu atamweleza. Tulipofika Buffalo, shemeji akapiga tena, simu ikawekwa kwa sauti ili wote tusikie. Akasema, "Mume wako ameniambia alikataa hiyo safari. Wewe ukatoroka na mutoto."

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa anatazama zulia.

Simu ilipokatika nikamuuliza, "Baba Neema, nani alitupeleka uwanja wa ndege?"

Akasema, "Unamujua kaka yangu. Ni yeye alinilea wakati baba alikufa. Donc, ningemujibu nini?"

"Ungemujibu kweli."

Miaka ishirini ya ndoa, nimemvumilia mengi, lakini sijawahi kuitwa mtoro mbele ya ukoo wake na yeye akiwa amekaa pale pale.

Sasa shemeji ameamua. Jumamosi hii kuna mkutano wa familia na kanisa huko Columbus, watu wanatoka miji yote. Natakiwa nisimame mbele ya akina mama niombe msamaha kwa kumuasi mume wangu. Nisipofanya hivyo, natolewa kwenye kwaya ninayoimba kanisani. Na Neema, aliyekwisha kubaliwa chuo cha uchoraji, aache, asomee uuguzi. Baba yake anakubali yote, anaitikia kwa kichwa tu.

Neema aliposikia alinijibu kwa Kiingereza, kama anavyofanya akikasirika, kwamba nikiomba msamaha nitakuwa nimesema uongo ni kweli, na yeye chuoni atakwenda hata kama baba yake hataongea naye tena. Nikisema ukweli pale mbele, namvua nguo mume wangu mbele ya kaka yake na watu wote. Sijui kama ndoa yetu itasimama baada ya hapo. Bado nampenda, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Leo asubuhi nimekuta karatasi juu ya meza. Mume wangu ameniandikia maneno ya kusema Columbus, kwa mwandiko mzuri, ameyapanga mstari kwa mstari. Ya kwanza yanasema: "Mimi nilimukosea mume wangu, niliondoka bila yeye kujua."

Ndugu zangu mnaosoma hapa, hasa akina mama wa ndoa, niisome karatasi hii au niwaambie watu ukweli? Semeni nami, Jumamosi imefika.