Mjumbe Aliyefunga Mkutano kwa Maombi

Mjumbe tuliyepewa kumlaza nyumbani Manyatta, wakati wa mkutano wa kitaifa wa akina mama wa kanisa, alitoka Port Victoria akiwa amechoka hata kabla ya mkutano kuanza. Kila jioni alitumbukiza miguu kwenye beseni, akakikunja kitambaa chake cheupe cha kichwani, kile wanachopewa akina mama waliofunga ndoa kanisani, polepole, kisha akaniuliza, "Mtoto wangu, leo nimeinua mkono. Umeniona?" Nilimwona, maana shule zilikuwa zimefungwa na nilikuwa naandamana naye ukumbini. Vidole vyake vina makovu ya mapezi ya samaki, na vilikaa juu mpaka akautegemeza mkono kwa ule mwingine. Kila mara mwenyekiti alimwambia, "Mama, muda umetubana. Kesho." Alikuwa ametumwa kupeleka jambo moja tu: wanawake wa kwao ambao hawakufunga ndoa kanisani hufagia kanisa na kuwapikia wageni wa kanisa, lakini kitambaa hicho hawapewi, hata siku ya kuzikwa. Siku ya mwisho, watu wakiwa wameshakusanya mikoba, akaitwa afunge mkutano kwa maombi kwa sababu ya umri wake. Akafumba macho, akamweleza Mungu yote kwenye maikrofoni, mwanamke mmoja mmoja kwa jina, kwa sauti ile ile anayoombea chai. Mimi nikachungulia. Mwenyekiti alikuwa amefungua jicho moja, lakini nani atakatiza maombi? "Heee, huyu mama!" mtu akanong'ona nyuma yangu. Mjumbe wetu akamalizia, "Uwavike kitambaa, Bwana, wakiwa bado hai." Ukumbi mzima ukaitikia Amina. Akarudi kitini, akavua viatu, akaniinamia. "Mtoto wangu, na mwenyekiti pia ameitikia? Umemsikia?" Nilimsikia.