Watoto Tisa wa Banda la Maziwa

Maziwa yaliyochacha yakikaukia kwenye saruji huacha harufu ambayo sabuni haiiwezi. Najua, kwa sababu tulisugua sakafu ya banda lile kwa majivu, kwa sabuni ya kipande na kwa mchanga wa mtoni, na bado kila jua lilipotoka baada ya mvua harufu iliamka na kutupanda puani. Lilikuwa banda la zamani la ushirika wa maziwa, ng'ambo ya uwanja wa shule yetu, upande wa Sotik, kwenye kilima ambacho ukisimama juu yake unaona chai tu mpaka macho yachoke. Ushirika wenyewe ulikuwa umevunjika kabla sijazaliwa. Yalibaki mabati, mlango mmoja usiofunga vizuri, na meza ndefu ya saruji iliyokuwa ikipangiwa mitungi. Hapo ndipo nilipoanzia darasa la nane, mimi na wenzangu wanane, tukiandika tumesimama kwa sababu meza ilijengwa kwa kimo cha watu wazima na hakuna aliyeona haja ya kutuletea madawati.

Tuliwekwa humo kwa sababu ya wastani wa alama za shule katika mtihani wa mwisho. Ukilelewa katika vilima hivi huhitaji kuelezwa wastani ni nini. Ulikuwa umeandikwa kwa rangi nyeupe kwenye ukuta wa lango la shule, chini ya jina la shule na juu ya maneno ya kumcha Mungu, na kila Januari fundi aliitwa kuufuta na kuandika mpya. Wazee walipokutana sokoni hawakuulizana watoto wanasoma nini, waliulizana wastani umefika wapi. Mwaka mmoja uliposhuka, wazazi walikuja na matawi mikononi, wakafunga lango kwa kufuli na kumfukuza mwalimu mkuu mchana kweupe, viatu vyake vikiwa bado ofisini. Huyo aliyekuja baada yake alikuwa mtu mpole, mwenye koti la rangi ya kahawa na sauti ya chini, na nadhani alikuwa akiliota lile kufuli. Simtetei. Nasema tu kwamba watu wale wale waliokuja na matawi ndio baadaye walioshangaa kusikia alichofanya.

Alichofanya ni hiki. Shule ilipofunguliwa Januari alisoma majina tisa gwarideni, akasema sisi tutasomea ng'ambo ya uwanja ili tupate utulivu. Hakusema kwamba majina yetu yangepelekwa kwenye shule ndogo ya binafsi karibu na Chepilat, ambayo ilikuwa imekubali kutuandikisha kwa mtihani wa mwisho kana kwamba ni wanafunzi wake, ili alama zetu zisije zikauangusha ule ukuta. Tulikuwa tisa wa mwisho katika darasa la watoto sabini na wawili. Mimi nilikuwa wa sitini na sita, na rafiki yangu Chepngeno, tuliyekaa naye dawati moja tangu nasari, alikuwa wa sitini na nane. Hatukuwa wajinga. Tulikaa nyuma kabisa, ambako sauti ya mwalimu ilifika ikiwa imechoka, na mwalimu wa hesabu alikuwa hajawahi kushika daftari langu mkononi mwake kwa miaka miwili.

Mama yangu alifurahi. Hili ndilo linalonichoma mpaka leo. Mama alikuwa na vichaka vyake vya chai na ng'ombe wawili, hakupita darasa la tatu, na nilipomwambia kwamba watoto tisa tu ndio wamechaguliwa, wamepewa nyumba yao na mwalimu wao peke yao, alielewa kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili timamu angeelewa. Nani huwapa watoto wachache mwalimu wao kama si kwa kuwapendelea? Jumapili iliyofuata alisimama kanisani wakati wa shukrani, akiwa na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, na boga kubwa, akasema Mungu amemkumbuka bintiye, amechaguliwa katika tisa.  Nusu ya wale waliokaa kwenye viti vile walikuwa kwenye kamati ya shule. Waliangalia vitabu vyao vya nyimbo, wakasema amina ya chini chini, na baadaye wakanywa mursik. Sikuwa na moyo wa kumwambia ukweli, kwamba tisa hao ndio wa mwisho, nikamwacha aende hivyo akijisifu miezi ile yote kwa majirani na kwenye kituo cha kupimia chai.

Mwalimu wetu alikuwa Madam Nyaboke, mwanamke mfupi wa kutoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Nyamira, aliyekuwa mgeni shuleni na kwa hiyo hakuwa na wa kumtetea alipopewa banda. Siku ya kwanza aliingia, akanusa, akacheka peke yake, kisha akatutuma tukalete majivu. Baada ya kusugua alituuliza mmoja mmoja ni wapi hesabu ilitupotea. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilimwambia ilinipotea darasa la tano, kwenye hesabu za sehemu, zile nusu na robo, nikiwa nimelazwa na malaria wiki mbili, na niliporudi wenzangu walikuwa wameshavuka. Basi akanirudisha darasa la tano. Alimrudisha kila mtu alikopotelea, sisi tisa, kila mmoja na njia yake, akizunguka ile meza ya saruji na chaki mfukoni. Mvua za masika zilipiga mabati mpaka hatusikilizani, naye akawa anaandika kwenye meza yenyewe na kufuta kwa kiganja. Kufikia Aprili nilikuwa nikipigania kujibu. Chepngeno, ambaye alikuwa akisoma Kiswahili kwa kidole, alisoma ukurasa mzima bila kusimama, akaketi chini sakafuni na kulia.

Ukiwaambia watu wa elimu leo kwamba dawa ni watoto wachache kwa mwalimu mmoja anayewajua, watakuitikia kwa kichwa na kukuandalia semina. Sisi tulikuwa nayo hiyo dawa, bandani, bila mtu kukusudia, na ilivunjwa baada ya miezi minne.

Ilivunjwa na mtihani wa majaribio. Tuliufanya mwanzoni mwa Mei pamoja na wale wengine sitini na watatu, na watatu kati yetu wa bandani tukatokea katika ishirini wa kwanza. Nilikuwa wa kumi na nne. Usajili wa mtihani wa mwisho ulikuwa umebaki siku chache kufungwa, na mwalimu mkuu akaona alama ambazo alikuwa karibu kuzigawa bure kwa shule ya watu. Aliwaita wazazi wetu bandani siku iliyofuata. Mama alikuja moja kwa moja kutoka shambani, aproni ya plastiki ya kuchumia chai ingali kiunoni, akitabasamu, akidhani ni sherehe.

"Mama Chelangat, mtoto amekuwa mzuri," mwalimu mkuu alimwambia. "Tunamrudisha kwa shule. Yeye na hawa wawili."

"Kwani alikuwa wapi?" Mama aliuliza. "Si alikuwa kwa shule?"

 Akatazama meza, akatazama mlango usiofunga, akatutazama sisi, na nikaona tabasamu likimtoka usoni polepole. Alikuwa ameelewa kwa nini kanisa lilimwitikia amina ya chini chini. Nilitamani ardhi ipasuke.

Madam Nyaboke ndiye aliyeuliza swali lililohitaji kuulizwa. "Na mimi?"

"Wewe utachukua hesabu kwa darasa la nane yote. Tumeona unaweza."

"Na hawa sita wanaobaki, mwalimu? Nani atawafundisha?"

"Hao watajisomea. Wakati wa mtihani nitatafuta gari iwapeleke huko Chepilat." Kisha, kwa sauti ile ile ya upole, akamgeukia Mama kama mtu anayetaka kueleweka na mkulima mwenzake. "Mama, wewe unajua chai. Hata pale kwa kituo, majani magumu yanatolewa kabla ya kupimwa."

Mama alifungua kamba ya aproni. Mikono yake ilikuwa imeingia rangi nyeusi ya utomvu. "Karani akinitolea majani, mwalimu, mimi nanyamaza, kwa sababu ni mimi nilichuma vibaya. Hawa nani alichuma? Si nyinyi, tangu nasari? Miaka minane mko nao, sasa mnawatupa hapa kwa banda ya maziwa halafu mnarudi kuchagua? Chelangat haendi. Atamaliza na wenzake, na huyu Madam."

Mwalimu mkuu akanigeukia mimi. "Wewe mwenyewe unataka nini?"

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilitaka dawati. Nilitaka kupita kwenye ule uwanja kuelekea upande wa pili wakati wa gwaride, watoto wakiona, na nilitaka harufu ile initoke kwenye sweta. Chepngeno alikuwa amesimama kando yangu, na najua alinisikia, kwa sababu nilisema kwa sauti ya kutosha: "Nataka kurudi."

Mama hakunipiga wala kunikaripia. Aliifunga tena aproni yake, akarudi shambani, na hatukuzungumza juu ya siku ile mpaka nilipokuwa mtu mzima. Nilirudi darasani nikapewa kiti safu ya pili. Madam Nyaboke alikuwa akivuka uwanja wakati wa chakula cha mchana kwenda bandani, mkate wake mkononi, kwa wiki kadhaa, mpaka alipoambiwa anapoteza saa za shule, na muhula uliofuata akahamishwa. Chepngeno alidumu mwezi mmoja wa kujisomea. Nilikuwa nikimwona dirishani asubuhi, akifika, akikaa kizingitini kwa sababu hakuna mtu wa kumfungulia somo. Kisha nikaanza kumwona na kikapu mgongoni, akienda kuchuma kibarua na mama yake. Siku ya mtihani gari lilikuja kweli, na likaondoka na watoto wawili. Wastani ulipanda. Fundi akaitwa.

Mimi sasa ni mwalimu wa sekondari msingi katika kaunti hii hii, na nimechoka. Mtaala umebadilika, majina ya madarasa yamebadilika, tumekatazwa kuwapanga watoto kwa namba, na warsha za kutufundisha jinsi ya kutowapanga nimehudhuria nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Lakini matokeo yakitoka tu, simu yangu haitulii. Kundi la wazazi linataka kujua shule jirani wamepata nini. Kazi za mradi zinaletwa zikiwa zimetengenezwa na fundi wa mbao wa Kapsoit, mtoto hajui hata gundi ilipakwa wapi. Darasani kwangu wako sitini na kitu, na muhula uliopita katika kikao cha walimu mtu mmoja mwenye shahada mbili alipendekeza kwamba wale wanaosuasua waambiwe wabaki nyumbani siku ya tathmini, kwa ustawi wao wa kiakili. Nilipiga meza mpaka chai ikamwagika. Niliongea vibaya, nikaomba radhi kwa maneno lakini si kwa nilichomaanisha, na pendekezo likaahirishwa. Halikukataliwa, liliahirishwa tu.

Mtoto wa mwisho wa Chepngeno yuko kwenye darasa langu. Ni mvulana mtaratibu anayesoma polepole, na ningeweza kukwambia ni wapi hasa alipopotelea, maana nilimuuliza. Mama yake ananiheshimu. Tukikutana sokoni ananisalimia kwa mikono miwili, ananiulizia watoto wangu, na wakati wa sikukuu hunitumia mahindi mabichi. Hatujawahi kuitaja ile Mei. Lakini kila asubuhi ya tathmini Chepngeno huja mwenyewe, kikapu mgongoni, saa ambayo wenzake wameshaingia kwenye chai na ujira wake wa siku unakatwa. Humshika mwanawe mkono mpaka mlangoni pangu. Nimemwambia mara nyingi, "Chepngeno, nenda kazini, mtoto yuko na mimi." Huniitikia vizuri, "Ndio, mwalimu," lakini haondoki. Husimama pale mpaka amwone mwanawe ameketi, jina lake limeitwa, na karatasi imewekwa mbele yake.