Shavu la Kushoto

Kila mwaka mvua za milima ya Aïr zikiisha, wanaume wa kijiji chetu cha Timia hukaa kwenye mchanga wa mto mkavu wakifunga mizigo ya nyasi, chakula cha ngamia huko jangwani ambako hakuoti kitu. Mikono inafanya kazi na midomo inagombea njia. Huyu ataja kisima, yule anamkosoa. Kisha hufika swali moja, la namna ya kuupata mji wa Fachi tufani ikishafuta nyayo, na wote huinamia mizigo yao. Aliyekuwa akilijibu ni Ekade.

Jangwa hili limegawanywa nchi nyingi na watu walioketi mbali. Ekade alilijua kwa ngozi. Babu yake alimtembeza toka utotoni, hadi Tamanrasset upande wa Algeria, hadi Ghat kwa Walibya, na Ekade alipoulizwa mpaka uko wapi alisema hajawahi kuukanyaga. Mchanga wa Ténéré, jangwa lililo kati yetu na Fachi, aliutofautisha na mingine kwa kuusugua baina ya vidole. Upepo wa baridi hutoka kaskazini mashariki. Anayekwenda Fachi sharti umpige shavu la kushoto. Akipotoka kuelekea kusini, mbele yake ni matuta tu, wiki nzima.

Alimwoa Tekhya, binti wa Elghabid, na Elghabid ndiye aliyekuwa madugu, yaani kiongozi wa msafara wa chumvi. Kwetu mwanamume haonyeshi kinywa mbele ya baba mkwe. Hupandisha kitambaa cha kilemba hadi chini ya macho, hali chakula naye, hamtaji jina, na hamkosoi. Aliyelelewa vizuri hafundishwi hayo mara mbili.

Mwaka mmoja walitoka watu watano na ngamia thelathini, kwenda Fachi kuchukua chumvi. Mapema tu Ekade aliona mkwewe akimimina chai pembeni ya bilauri. Aligeuza uso, kama aliyemfuma mzee akivaa nguo.

Siku ya tatu ndani ya Ténéré tufani ilivuma tangu alfajiri hadi adhuhuri. Ilipotulia, Elghabid akashika kamba ya ngamia wa mbele na kuanza kutembea. Ekade, nyuma kabisa, akahisi upepo umeacha shavu, unampiga sikio.

Ghali, binamu yake wa upande wa mama, aliyeruhusiwa na desturi kumtania apendavyo, akamsogelea.

"We Ekade, umemeza ulimi? Tangu tufani hujasema hata 'ah'."

"Natembea."

"Unatembea kama mzigo wa nyasi! Haya, tunakwenda sawa au tunakwenda mrama?"

Ekade akakaza kitambaa chake.

"Ahaa. Mrama," Ghali akasema, kicheko kikimtoka na kumkauka. "Basi niambie mimi. Yeye si mkwe wangu, mimi simwogopi. Nitamwambia nimeota ndoto."

"Akisikia kwako atajua limetoka kwangu."

"Na ajue! Unaona haya ya nini? Binti yake atakunyima uji?"

"Yeye ndiye madugu, Ghali. Niache."

Ghali akamwacha. Walikwenda hivyo siku mbili na nusu. Viriba vilinywea. Ngamia wanne walipiga magoti, wakakataa kunyanyuka.

Asubuhi iliyofuata Elghabid alisimama, akaitupa kamba chini, akaita kwa sauti ya mtu aliyechoka kuigiza:

"Mume wa Tekhya! Njoo hapa."

Ekade alikuja, macho chini.

"Mwanangu, tuko wapi?"

"Kusini, baba. Tumepita kusini sana."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu tufani."

Mzee alikaa mchangani. "Sioni tangu mwaka jana," akasema. "Unadhani nilikuchukua wewe uje kufunga nyasi? Nilikuwa nangoja useme. Kukuuliza niliona aibu."

Basi ndivyo walivyotembea, mmoja akistahi, mwenzake akingoja, na maji yakiisha kati yao.

Ekade akashika kamba na kugeuza msafara. Ilikuwa njia ya siku mbili. Siku ya kwanza, jua likiwa utosini, Ghali alianguka, na hakuamka. Walimzika kwa mikono, wakaweka tandiko la ngamia kichwani kwa kuwa mawe hayakuwapo. Kesho yake waliuona mwamba wa Fachi.

Ekade mwenyewe ndiye aliyenisimulia haya, bila kujipunguzia neno. Alirudi Timia akingoja kulaumiwa, ila hakuna aliyemlaumu. Mama yake Ghali alimshika mkono mbele ya watu.

"Ulimstahi mkweo mpaka kwenye kiu," akasema. "Una adabu, mwanangu. Mungu akulipe."

Wanawake wakaitikia. Mimi pia niliitikia, na sijui mpaka leo ningesema nini kingine. Ekade alisimama pale, kitambaa kikiwa juu ya pua. Alitaka mtu amtukane. Mwaka mzima alizunguka akisifiwa, na wazazi wakimtaja kwa vijana wanaotaka kuoa.

Msafara uliofuata aliuongoza yeye, hadi Fachi bila kupotea hata hatua, kisha akawakabidhi wenzake kamba, akabaki huko ambako hakuna wa kumsifu. Alimtumia Tekhya neno kwamba amemwacha, yuko huru kuolewa na mwingine. Tekhya hakumfuata.

Ekade yuko Fachi. Ana mitende kumi na minne na kisima kimoja.