Shafti ya Pampu ya Marereni

Nilikwenda Marereni kwa sababu binamu yangu Karisa aliniita. Alikuwa fundi wa pampu kwenye mashamba ya chumvi, na shafti ya pampu kubwa ilikuwa imeliwa na maji ya bahari. Bamvua lilikuwa limebakiza siku mbili. Maji hayo makubwa yasipovutwa, mabwawa yangebaki matupu na vibarua wangerudishwa makwao. Shafti ilibidi ipelekwe kwa fundi Kilifi, na mzigo huo ulihitaji watu wawili, nami tangu zamani sikatai safari.

Alfajiri iliyofuata tuliondoka na pikapu ya kampuni. Tulipopita Malindi niliangalia upande wa soko nilikokulia, lakini Karisa hakutaka tusimame hata kwa chai.

Kilifi, mtaa wa Kibarani, tulimkuta Fundi Omari karakanani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Hii mmeichomoa kwenye pampu au kinywani mwa papa?"

Kazi yake ilikuwa kuyeyushia chuma kisichoshika kutu juu ya kile kilicholika, mshono kando ya mshono, kisha kukereza mpaka pawe laini. Alikuwa amesikia kwamba ng'ambo wameanza kuyeyusha kwa mwale wa mwanga, wakiupanua na kuubana watakavyo.

"Mimi nina mkono huu tu. Mshono mwembamba, niuache upoe, mtachukua kesho jioni. Nikiutanua, mwaondoka leo. Ila joto likizidi, shafti hupinda."

Karisa alitazama chini. "Utanue, fundi."

"Umenisikia lakini?"

"Nimekusikia. Kesho jioni maji yatakuwa yamesharudi."

Alasiri shafti iling'aa. Omari aliizungusha taratibu, nikaona ncha yake ikicheza kidogo. Karisa aliiona pia. Akaifunga kwa gunia.

Marereni, siku ya pili, maji yalipojaa, wanawake wakwanguaji wa chumvi walisimama ukingoni. Pampu iliguna, maji yakatoka, wakapiga vigelegele.

"Karisa wee, leo twakuoza mke wa pili!" mmoja akamtania.

Punde pampu ikaanza kutetemeka. Ganda jipya la chuma lilipasuka, shafti ikakatika, na maji yakakoma mferejini mbele ya macho yetu.

Mama Kadzo, aliyejifunga vipande vya mpira miguuni kujikinga na chumvi, alimsogelea Karisa. "Mwanangu, tuje kesho?"

Karisa alifuta mikono kwa kitambaa, akaendelea kuifuta. "Msije, mama."

Jioni nilirudi Malindi nyuma ya lori lililobeba baadhi ya wanawake hao. Hakuna aliyemlaumu Karisa. Nilichojifunza ni kwamba chuma kina muda wake wa kupoa, na muda huo haupungui kwa kuwa watu wana njaa. Karisa alilijua hilo kabla yangu, na bado alisema mshono utanuliwe. Ningekuwa yeye, ningesema vivyo hivyo.