Sentimita Kumi na Nne za Ekseli

Kaka wa mke wangu aliendesha malori ya majani ya chai zaidi ya miaka ishirini, na sijaona mtu anayelijua gari kama yeye. Nilipoanza kuunda gari dogo la spoti nyuma ya nyumba yetu, mtaani Makandana, watu walicheka. Yeye hakucheka. Kila Jumapili baada ya ibada alikuja, akavua koti, akaingia uvunguni mwa chasisi.

Bodi niliikunja mwenyewe kwa bati, nikaipa mkia mwembamba. Nilijivunia ule mkia. Lakini ekseli ya nyuma, chuma kinachobeba magurudumu mawili, niliyoitoa kwenye pikapu iliyokufa, ilikuwa pana. Tulipoijaribu, magurudumu yalitokeza nje ya madigadi, yale mabati yanayoyafunika.

"Shemeji, ekseli usiiguse," aliniambia, tepu mkononi. "Mbele, gurudumu hadi gurudumu, una sentimita mia na thelathini na nane. Nyuma zisipungue hapo. Panua madigadi."

"Nitaharibu umbo."

"Umbo halishiki barabara. Mtu aliyebeba mkungu wa ndizi kwenye utelezi akibana miguu, si anaanguka?"

Nikaitikia. Wiki iliyofuata nikaipeleka ekseli Mbeya kwa fundi wa kukereza vyuma, akaifupisha sentimita kumi na nne. Magurudumu yakaingia ndani ya madigadi, yakapendeza. Shemeji alipouliza, nikamwambia nimebadilisha rimu tu, upana ni uleule. Alitazama kidogo, akasema sawa. Tepu hakuichukua. Kwa nini apime, na aliyemwambia ni mume wa dada yake?

Siku ya kulijaribu nilimwomba yeye aendeshe, nami nikakaa pembeni. Asubuhi ilikuwa na manyunyu. Tuliteremka kuelekea Suma, mwendo wa wastani tu. Kwenye kona moja mbuzi akakatiza, shemeji akakata usukani, jambo alilolifanya mara elfu katika maisha yake. Gurudumu la nyuma likanyanyuka. Nililisikia likiachana na lami. Tukabingirika hadi kwenye shamba la chai.

Mimi nilitoka na michubuko. Yeye alivunjika mfupa wa bega. Hospitalini, mkono umefungwa, alinitazama kama mtu aliyevunja chombo cha wenyewe.

"Nisamehe, shemeji. Nimekuharibia gari."

Maneno yote yalikuwa mdomoni mwangu. Nikasema, "Usijali. Ni utelezi tu."

Mfupa uliunga. Lakini aliporuhusiwa kurudi kazini alikataa lori. Alimwambia bosi wake kwamba mikono yake imekuwa mizito, ataua watu. Wakampa kazi ya kufungua geti la kiwanda. Mke wangu alinieleza tukiwa tunakula. "Kaka anasema amezeeka," alisema. "Mtu wa miaka hamsini na mbili!" Nikasukuma sahani, nikasingizia tumbo.

Nilinyamaza miezi mitatu. Hata kanisani nilihama upande ili nisikae karibu naye. Kisha siku moja nilipita kiwandani nikamwona akilifungulia geti lori lake la zamani, kijana mgeni akiwa kwenye usukani. Lilipopita, alibaki ameshika komeo, akilisindikiza kwa macho. Nikamwendea.

"Shemeji, si mikono yako. Ile ekseli niliikata."

"Ngapi?"

"Kumi na nne."

Akafunga geti, akarudisha komeo.

"Siku ile hospitalini ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Kukata ekseli ni ujinga, nami nimefanya ujinga mwingi," alisema taratibu. "Lakini uliniacha niombe msamaha."

Nikarudi nyumbani. Jioni nilimweleza mke wangu, naye alilia kwa hasira, akaenda kulala kwa kaka yake siku mbili.

Shemeji alirudi kwenye usukani, ila si kwa lori lake. Humshikia zamu dereva anayeumwa. Mimi nilitafuta ekseli nyingine, nikaiacha na upana wake, nikakata ule mkia na kupanua madigadi. Gari limekaa vibaya kwa macho, lakini kwenye kona linatulia.

Shemeji bado huja nyumbani. Dada yake humwekea chai, naye huniuliza habari za watoto, nami najibu. Nyuma ya nyumba haendi, na mimi sijathubutu kumkaribisha.